Seva ikiishiwa RAM, uwe umeshaamua nani auawe

Ukianza kazi ya kusimamia seva za Linux, haitachukua muda kukutana na hili: unafika asubuhi, kanzidata ya MySQL imezimika, unafungua logi ya MySQL na huoni kosa lolote. Mstari wa mwisho ni wa kazi ya kawaida, kisha hakuna kitu. Kimya hicho ndiyo dalili yenyewe. Mchakato (programu inayoendeshwa) unaouawa kwa ishara namba 9 haupewi nafasi ya kuandika hata neno moja. Aliyeua ni keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na ushahidi umo kwenye logi ya keneli. Endesha `journalctl -k`, au `journalctl -k -b -1` kama mashine imeshawashwa upya, utafute maneno "Out of memory". Huduma nyingine huacha alama ya namba 137. Hiyo ni 128 ukijumlisha na ile 9, kwa hiyo habari ni ileile.

Usiishie kwenye mstari huo unaotaja aliyeuawa. Juu yake keneli huchapisha jedwali la michakato yote iliyokuwepo dakika ile, na humo ndimo mlimo na kisa kizima. Safu ya rss kwenye jedwali hilo, yaani RAM ambayo mchakato umeshika, huhesabiwa kwa kurasa (vipande vidogo vya kumbukumbu), ambazo kwenye seva nyingi za kawaida ni za KB 4, wala si kwa kilobaiti. Mchakato wa PHP, lugha inayoendesha tovuti, ulioandikiwa 15000 umeshika takriban MB 60. Ukiikuta michakato 40 ya namna hiyo, umefika karibu GB 2.4. Jumla hiyo huzidi uhalisia kiasi, kwa sababu kurasa zinazotumiwa kwa pamoja huhesabiwa zaidi ya mara moja, lakini picha imeshaonekana. MySQL ilikuwa na GB 1.2 tu. Imekufa kwa sababu keneli hupima mchakato mmojammoja na kuchagua ulioshika kumbukumbu nyingi kuliko wote. Haiulizi nani kaleta shida. Ndiyo maana kwenye seva ndogo kanzidata hufa mara kwa mara kwa makosa ya jirani yake.

Keneli ilifikaje hapo? Kwa kawaida Linux hugawa kumbukumbu kama kamati ya harusi inayogawa kadi 400 kwa ukumbi wa viti 300, ikijua wapo wasiofika. Programu huomba nyingi na kutumia sehemu tu, kwa hiyo keneli hukubali maombi kwa ukarimu. Siku ambayo programu zote zinataka kutumia zilichoahidiwa kwa wakati mmoja, RAM haipo, na mmoja lazima atolewe. Mpangilio unaotawala ukarimu huo ni `vm.overcommit_memory`. Thamani 0 ni ya kawaida, keneli hukataa maombi ya kupindukia tu. Thamani 1 hukubali kila ombi. Thamani 2 huweka kikomo kikali, na hapo ndipo wengi huumia kwa kunakili tu. Kwa kawaida kikomo cha thamani 2 ni swapu yote (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba) ukijumlisha nusu ya RAM. Mashine ya GB 4 isiyo na swapu hubaki na kama GB 2 za kuahidi. Matokeo yake hata amri ndogo hukataliwa wakati RAM bado ipo. Mwongozo wa PostgreSQL, kanzidata nyingine, hushauri 2, ule wa Redis, hifadhi ya data inayokaa kwenye RAM, hushauri 1, na kila mmoja una sababu zake. Ukiziweka huduma hizo mbili kwenye mashine moja, huwezi kuitii miongozo yote miwili. Kabla ya kugusa chochote, linganisha CommitLimit (kikomo cha kuahidi) na Committed_AS (kilichokwisha ahidiwa) ndani ya `/proc/meminfo`.

Kazi ya kwanza kabisa, kwa maoni yangu, ni hesabu ya karatasi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Chukua GB 4. Tenga kiasi cha mfumo wenyewe, tuseme MB 500. MySQL ukiipa `innodb_buffer_pool_size`, yaani RAM ya kushikia data, ya GB 1, itatumia zaidi ya hapo kwa ajili ya miunganisho. Kilichobaki gawanya kwa MB 60 za kila mtoto wa PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP kwa mchakato mzazi na michakato watoto, upate `pm.max_children`, yaani idadi ya juu ya watoto. Ni kama 35, na ukiwa mwangalifu utaweka 30. Nimeziona seva za ukubwa huo zimewekewa 100 kwa sababu mtu alitaka tovuti iende kasi. Tovuti ilienda kasi mpaka siku matokeo yalipotangazwa na watu wote wakaingia kwa pamoja.

Baada ya hesabu, weka ukuta. Kwenye systemd, inayosimamia huduma za Linux, `systemctl edit` ya huduma ya PHP-FPM hukuwezesha kuandika MemoryHigh na MemoryMax. Ya kwanza huibana huduma na kuilazimisha irudishe kumbukumbu. Ya pili ni mwisho: ikivukwa, mauaji hufanyika ndani ya huduma hiyo tu, na MySQL haihusiki. Ongeza `OOMPolicy=continue`, kwani mpangilio wa kawaida ni kusimamisha huduma nzima mtoto mmoja akiuawa, ilhali mzazi wa PHP-FPM anaweza kuanzisha mwingine bila shida.

Kisha ndipo uguse upendeleo. Kila mchakato una alama ya upendeleo, `oom_score_adj`, kuanzia -1000 hadi 1000. Mwenye -1000 haguswi kabisa. Kwa MySQL, `OOMScoreAdjust=-600` hutosha. Kazi za pembeni, kama kutengeneza ripoti, zipe 500 ili zitangulie kufa. Usimpe kila mtu kinga, maana ukifanya hivyo keneli itabaki na wachache wa kuchagua, na huenda mmoja wao ndiye anayekuwezesha kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwa ssh. Vifurushi vingine huja tayari na kinga, hivyo tazama kwanza kwa `systemctl cat`. PostgreSQL ina la ziada: mzazi hulindwa, watoto hurudishwa 0 kwa PG_OOM_ADJUST_FILE na PG_OOM_ADJUST_VALUE. Hata hivyo mtoto mmoja akiuawa kwa ishara 9, mzazi huikata miunganisho yote na kuanza upya, kwa kuwa hawezi tena kuiamini kumbukumbu wanayoshirikiana.

Swapu iwepo, lakini iwe ndogo. Swapu kubwa kwenye diski ya polepole huleta hali mbaya kuliko kifo: mashine ipo hai, ssh haijibu, na keneli haiui mtu kwa sababu bado inaona inasogea. Tangu Linux 4.20, faili `/proc/pressure/memory` huonyesha muda ambao michakato inapoteza ikisubiri kumbukumbu, na systemd-oomd huitumia kuua mapema. Kwa mashine ndogo, earlyoom, programu nyingine ya kuua mapema, ni rahisi zaidi kuelewa.

Yote haya yajaribu kwenye mashine ya majaribio kabla ya kuyaamini. Endesha `systemd-run --scope -p MemoryMax=200M -p MemorySwapMax=0 tail /dev/zero` na uone jinsi `tail` inavyokula kumbukumbu mpaka inauawa, huku huduma nyingine zikiendelea. Halafu isukume PHP-FPM yenyewe ifike kwenye ukuta wake. Hakikisha watoto wanarudi, hesabu ya mauaji, `oom_kill`, kwenye faili `memory.events` ya huduma hiyo imepanda, na ujumbe wa tahadhari umefika kwenye simu ya mtu wa zamu.