Unauza kutoka nyumbani? Acha kujifanya kampuni

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wanaoanza biashara ni hili, dada mimi nauza kitu kilekile wanachouza watu kibao, nifanyeje na mimi nionekane? Na ukiangalia vizuri mtu ameshajijibu, anataka umwambie habari za logo, taa ya kupigia picha na kulipia matangazo Instagram. Mimi nauza masala ya pilau, masala ya chai na achari ya embe, natengeneza na kufunga hapahapa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, na jibu langu halijawahi kubadilika: acha kujifanya kampuni. Mteja akitaka kampuni anaenda supamaketi, kule masala yapo, pakiti inang'aa na bei mara nyingine iko chini kuliko yako. Akija kwako, tena akalipa na hela ya boda juu, ujue anatafuta mtu.

Sasa huyo mtu ndo inabidi aonekane. Kwenye masala hili liko wazi sana kwa sababu binzari nyembamba ikishakuwa unga hakuna anayejua imechanganywa na nini, na kila mama anayepika anajua kuna wanaoongezea unga ili uzito upande, na hiliki kwa vile ndo ghali basi ndo wanayoipunja. Hiyo hofu mteja anayo hata asipoisema. Mimi siku ya kusaga naweka simu juu ya meza narekodi sinia lote kabla sijagusa kitu, hiliki, karafuu, vijiti vya mdalasini, pilipili manga, binzari, nasema kwa mdomo wangu hii hiliki imetoka Amani kule Muheza, karafuu na mdalasini nimechukua kwa watu wa Matombo, Morogoro, halafu nakaanga kwa moto mdogo mpaka harufu itoke na nasaga kwenye mashine yangu maana ile ya mtaani mtu ametoka kusagia pilipili kavu sa hivi na wewe unaingiza hiliki yako, itatoka nini hapo? Inaenda stetasi hivyohivyo, kelele za watoto zinasikika, jirani anapiga hodi, sawa tu. Video za namna hiyo ndo zinaniletea oda kuliko picha yoyote ya kupendeza niliyowahi kupiga. Watu wanaona mikono, wanaona jiko, wanasikia sauti, wakija kuonja tayari wananijua.

Halafu jamani hii tabia ya "bei inbox". Sijui nani alituletea. Mtu kaona kitu chako kakipenda, anauliza shilingi ngapi mbele za watu, unamwambia njoo inbox, kwa nini? Anachohisi ni kwamba unataka umpime kwanza uone ana hela kiasi gani ndo umtajie, na akishahisi hivyo basi hata ukimwita mpenzi, my dear, kipenzi changu, haisaidii. Andika bei. Ikipanda sema imepanda na useme kwa nini. Hiliki ikipanda mimi natuma voisi noti kwa wateja, nawaambia mzigo wa safari hii nimenunua bei hii, kwa hiyo pakiti inaongezeka kiasi hiki, anayetaka kusubiri asubiri, na anayetaka pakiti ndogo ipo. Wengi wananunua tu. Kinachomuudhi mteja ni kukuta pakiti imepungua uzito kimyakimya na bei ni ileile, hapo hata awe shoga yako wa utotoni anaondoka na hakwambii.

Kitu kingine ninachokipenda sana kwenye hii kazi ni kumkumbuka mtu. Wanaosoma hapa wengi wanatumia WhatsApp Business, ni bure na ina sehemu ya kumwekea kila mteja lebo, itumieni, ila mimi bado nina daftari. Nimeandika huyu hataki pilipili manga nyingi ana watoto wadogo, huyu mume wake ana presha kwa hiyo achari nimpunguzie chumvi, huyu anapika pilau kila Ijumaa, huyu mama mkwe wake anakuja mwezi wa kumi na mbili. Akinitafuta simuulizi upya. Na kama ana msiba nampa pole kama binadamu mwingine na habari ya masala naiacha kabisa, siweki hata "ukihitaji nipo", kwa sababu pole yenye biashara ndani yake mfiwa anaisikia harufu yake mbali. Ukitaka kumkumbuka mtu mkumbuke kwa kweli, na kama huwezi basi muuzie vizuri tu kwa heshima, itatosha, usimuigizie upendo.

Na hapa niseme kitu wengine hawatakipenda. Hizi skrinshoti za ushuhuda tunazoweka stetasi, "asante dada pilau imependwa na wageni wote", mmewaomba ruhusa? Namba inaonekana, picha ya profaili inaonekana, mara ndani ya meseji katajwa mume na matatizo ya nyumbani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu kakuandikia wewe, hajaandikia watu wako wote wa stetasi. Muombe, akikubali ficha jina na namba, akikataa sema sawa.

Ukaribu una gharama yake pia na lazima uijue mapema, wateja wakishakuzoea watakukopa. "Nitumie tu mwisho wa mwezi nakuwekea." Hapo ndo biashara nyingi za nyumbani zinafia, na urafiki unakufa nazo maana anayedaiwa anaanza kukukwepa hata kwenye vikoba. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi utaratibu wangu ni hela kwanza ndo boda aondoke, ndugu, jirani, mama mchungaji, wote. Namwambia kwa upole, dada yangu hii hela ndo inanunulia mzigo unaofuata. Anayekupenda ataelewa, na ukishasema mara moja kwa utaratibu hiyo stori inaisha.

Kwa wateja wa mikoani fanya kazi mara mbili maana hawajawahi kukuona. Mzigo ukipelekwa stendi ya Magufuli pale Mbezi natuma picha ya kifurushi kimeandikwa jina, picha ya risiti ya basi na namba ya ofisi atakapopokelea, kisha kesho yake napiga simu, siandiki meseji, napiga, mzigo umefika? haujachanika? Mteja wa Mwanza au Mbeya akishapigiwa simu ya namna hiyo atakuletea ofisi nzima.

Vibali navyo msivikimbie kwa kisingizio cha udogo, mambo ya chakula tangu 2019 yako TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na vifungashio, nendeni mkaulize. Kumjua mteja hakumlindi na tumbo la kuharisha.

Kwa anayeanza wiki hii na hana mteja hata mmoja, usikimbilie kufungua peji. Funga vipakiti vidogo, peleka kwa watu unaowajua wanapika kweli, mama wa kwaya, majirani, wale wa kikoba, usiwaombe wakutangazie. Waulize kitu kimoja tu, nini kimezidi humu na nini kimepungua? Wakijibu, rekebisha, kisha wapelekee tena uwaambie nimepunguza karafuu kama ulivyosema. Na hapohapo waombe wasevu namba yako kwenye simu zao, kwa sababu ile brodkasti ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajakusevu, utakuwa unatuma tu na hakuna anayepokea.