Fundi wa Vyombo Anajibu: Dramu za Zamani Zimekuja na Ufa Uliopakwa Rangi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi napiga dramu kwenye bendi ya harusi hapa Kisauni na siku nyingi nilikuwa natamani seti ya zamani, zile Premier za Uingereza. Juzi nikaona jamaa wa Nairobi anauza mtandaoni, besi ya inchi 20, tomu ya 12, tomu ya chini ya 16 na snea, ameandika "ya miaka ya 60, orijino, haina ufa popote", nikamuuliza inboksi kama kuna pahali pamerekebishwa akasema hakuna, basi nikamtumia 68,000 kwa M-Pesa na mzigo ukaja na basi nikauchukua Mwembe Tayari. Kufungua nyumbani nikaishiwa nguvu. Tomu ya 12 imepakwa rangi nyeusi kwa ndani, nikipitisha kidole nahisi mstari, nikakwaruza kwa ukucha kumbe ni ufa umejazwa gundi na vumbi la mbao. Tomu ya 16 nimeinunulia ngozi mpya haiingii, naona imepinda. Kromu ina kutu, halafu kuna matundu mawili ya bure yamezibwa kwa stika. Nampigia ananiambia "hivyo ni vitu vya zamani, ulitarajia nini", kisha ati atanirudishia 5,000 yaishe. Nichukue? Ama nimpe fundi mbao azibe vizuri halafu nimdai hela ya fundi? Nina shoo mwezi ujao.
Mpiga dramu, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza weka chini huo ufunguo wa dramu, usikaze kitu, usikwaruze tena, na huyo fundi mbao mwambie asubiri. Ukishaanza kuziba na kupiga msasa, jamaa atasema umeikubali mali, na sheria yetu ya mauzo ya bidhaa iko karibu na yeye hapo, mnunuzi akikitumia kitu kama chake ama akikaa nacho kimya muda mrefu haki ya kukirudisha inamponyoka. Piga picha leo, mchana, karibu na dirisha, piga mpaka boksi na risiti ya basi. Lile tangazo lipige skrinshoti kabla hajalifuta, pamoja na pale alipokujibu kwamba hakuna kilichorekebishwa. Hayo maneno yake ndiyo mali yako kubwa saa hii kushinda dramu zenyewe.

Sasa tutenganishe, maana umechanganya mambo manne na si yote ni makosa ya muuzaji.

Kutu kwenye kromu, hiyo msamehe. Chuma cha miaka 60 kikose kutu? Na ukiishi na hewa yetu ya chumvi hapa, hata kile kisicho na kutu leo kitakuwa nayo mwakani usipokipangusa.

Tomu ya 16 nayo usimlaumu bado. Premier walipokuwa wakizitengeneza kule Leicester walikuwa na vipimo vyao wenyewe, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 60 ndipo wakaingia kwenye saizi hizi za kimataifa tunazozijua, kwa hivyo tomu nyingi za kabla ya hapo zimezidi kidogo tu, na ngozi ya 16 ya dukani leo inakataa kuingia hata kama ngoma ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Chukua tepu, pima upana wa mzinga, yaani lile duara la mbao lenyewe, kutoka ukingo huu hadi huu, kisha geuka pima kwa upande unaokatisha, fanya hivyo mara nne tano ukizunguka. Ikiwa kila mahali ni sawa ama zimepishana milimita moja, haijapinda, ni umri wake tu, na ngozi za saizi hiyo zinatengenezwa hadi leo ila utaagiza ng'ambo na bei haitakufurahisha. Zikipishana milimita tano sita, hapo ndiyo imepinda na una la kumwambia. Alipaswa akwambie habari ya saizi? Kama ni mtu wa dramu, ndiyo. Kama ni mtu aliyenunua vitu vya hoteli iliyofungwa, huenda hata hajui, mimi singemwita mwizi kwa hiyo peke yake.

Matundu yaliyozibwa stika ni jambo la kati. Sauti haiharibiki sana, mtu alitoa kishikio cha zamani akaweka kingine, wapiga dramu wa enzi zile walikuwa wakitoboa tu bila huruma. Lakini ukisema "orijino" na kuna matundu ya kuongeza, umesema uongo, na watu wanaokusanya dramu za zamani hulipia huo uorijino, kila tundu linakata bei.

Ile rangi nyeusi ndiyo imeniudhi. Rangi ya ndani peke yake si ushahidi, dramu nyingi za Ludwig, wale wa Marekani, za miaka ya 60 zilipakwa ndani kiwandani, kwa hivyo usije ukamshika mtu mwingine siku nyingine kwa hilo. Tazama hivi: chukua tochi ya simu, angalia pale skrubu za vishikio zinapotokeza ndani. Rangi ikiwa imepanda juu ya skrubu na washa zake, ama imeingia kwenye lile tundu la kupumulia katikati ya beji, basi imepakwa ngoma ikiwa imefungwa tayari, kwa brashi, na mtu aliyekuwa na haraka. Kiwanda hakipaki hivyo. Halafu fuata ule ufa kwa kidole uone unaishia wapi. Mizinga ya Premier za wakati huo ni myembamba, nguvu yake iko kwenye zile pete za mbao zilizogundishwa ndani juu na chini. Ufa ukiwa katikati tu unatibika. Ukiwa umekata pete hadi kwenye ukingo ngozi inapokaa, kila ukiwamba unauvuta ufunguke, na hiyo tomu ni ya kupambia sebule.

Mwamba ngoma huivutia ngozi kwake, sasa mwuza ngoma si ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe nshaliwa. Nilinunua snea ya Ludwig ya alumini kwa mtu wa nje, picha sita zote nzuri, ikaja kwenye begi la mtu, nikaigeuza pale mezani nikakuta upande wa pili kromu imetoka malengelenge kama ngozi ya mtoto mwenye tetekuwanga. Zile snea za alumini zina ugonjwa huo, kila anayezijua anajua. Nilirudi kuziangalia zile picha sita, zote ni za upande mmoja! Yaani hakuniongopea hata neno, aligeuza ngoma tu. Wangu sikupata kitu kwa sababu sikumuuliza. Wewe uliuliza na akajibu, ndiyo maana nakwambia uko pazuri kuliko mimi.

Kwa hivyo 5,000 usichukue. Mwandikie, usimpigie, maneno ya simu hupeperuka. Mwambie kwa adabu: ulisema haina ufa na haijarekebishwa, picha hizi hapa, nataka mzigo urudi na hela zangu zote na nauli ya basi juu yako, ama nibaki nazo unirudishie 25,000. Hiyo 25 sikuibuni hewani, tomu ya 12 iliyopasuka uihesabu haipo kwenye seti, na kuipata nyingine ya rangi na umri huo peke yake ni kazi ya mwaka. Akikubali mzigo urudi, usitume ukasubiri, tafuta ndugu Nairobi azipokee stejini, amkabidhi jamaa mzigo wake hela ikishaingia kwenye simu yako.

Akikataa ama akikublock, Mahakama ya Madai Madogo iko hapa Mombasa, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Sheria inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo, na Katiba ibara ya 46 inakupa haki ya kuambiwa ukweli wa bidhaa. Mtaje mahakama mara moja tu kwenye ujumbe wako, kwa upole. Wengi hapo hukumbuka ghafla kwamba wana pesa.

Mkielewana ubaki nazo, sasa ndiyo umwite fundi, lakini si fundi wa makabati. Huyo ataona ukingo una mteremko atadhani ni kasoro, aupige randa uwe bapa, na sauti imekwenda. Mwambie gundi na kubana tu, ukingo asiuguse. Na shoo ya mwezi ujao azima seti, mwanangu, hizi usizipige kabla hamjamalizana.

SWALI: Toazi la inchi 18 nimeuziwa lina ufa kama sentimita mbili ukingoni, muuzaji asema nitoboe katundu pale ufa unapoishia utakoma. Ni kweli?
Likoni

JIBU: Wakati mwingine hukoma, mara nyingi hupumzika tu kisha ukaendelea upande wa pili wa tundu. Ligonge polepole kwa kijiti karibu na ufa, ukisikia mlio kama senti kwenye kopo, mrudishie.