Pimeni kiuno na sukari kabla ya kuhesabu kilo

Wahariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mtu ambaye uzito wake umezidi kwa kiasi tu, bila kufikia unene mkubwa kabisa, ana sababu ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Jibu langu ni hapana, na nilikusudia kuliandika kwa mistari michache kisha nirudi kwenye cherehani. Imeshindikana, kwa kuwa swali hilo nimewahi kulisikia likijadiliwa ndani ya duka langu la ushonaji hapa Mwananyamala, mwenye mwili wake akiwa amesimama mbele yangu na futikamba ikiwa kiunoni mwake, na tangu siku hiyo naona kwamba anayeanza na kilo anauliza jambo la pili kabla ya la kwanza.

Nilifundisha baiolojia katika sekondari za jiji hili hadi nilipostaafu. Sasa nashona, hasa sare za kamati za sendofu na kicheni pati, kazi inayomfanya mtu aijue miili ya wenzake kuliko anavyopenda. Nimeona viuno vikipanda inchi kwa inchi kutoka sherehe ya dada mkubwa hadi ya kitinda mimba. Nimeiona pia hofu ya upande wa pili, maana sisi tuliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi, kwa hofu ya UKIMWI, mtu aliyepungua mwili alivyozikwa kwa maneno kabla hata hajalazwa. Mpaka leo kumwambia mama wa makamo kwamba amenenepa ni kumpongeza, na kumwambia binti yake hivyo hivyo ni kumtukana, nao wote wawili huwa wamekaa benchi moja dukani kwangu.

Hapana yangu ina sababu zake. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi duniani, ule ambao mitaani husemwa kuwa mtu kakatwa utumbo, kwa kweli huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo na kuacha mrija mwembamba, na kilichoondolewa hakirudishwi. Upo mwingine wa kuchepusha njia ya chakula, ambao hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Baada ya hapo mtu humeza vitamini na madini maisha yake yote, hasa vitamini B12, vitamini D, chuma na kalsiamu, na hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Wapo wanaobaki na kiungulia, hasa waliofanyiwa ule wa mrija; wapo wanaopata mawe katika kibofu cha nyongo kwa sababu ya kupungua haraka; wachache huvuja mahali paliposhonwa. Vifo ni nadra, karibu 1 kati ya 1,000 katika vituo vyenye uzoefu, lakini nadra si sifuri, na sikuona kwa nini mtu aliyezidi kilo 20 aingie katika hesabu hiyo hata kidogo.

Sasa nieleze ya mteja wangu. Alikuwa na miaka 34, mfanyakazi wa ofisi moja huko Posta, na mdogo wake alikuwa anakaribia kuolewa. Alikuja Jumamosi mchana pamoja na mwenzake wa kamati, wakiwa na satini ya rangi ya dhahabu ambayo kamati ilikuwa imeipitisha baada ya ugomvi mrefu, na picha ya mshono uliobana kuanzia kifuani hadi magotini. Nilimpima. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kiuno kilikuwa inchi 38, nikaandika kwenye daftari, naye akaniangalia nikiandika kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, kiuno kata inchi 32."

Nilidhani anatania. Sendofu ilikuwa bado miezi mitatu, na hakuna chakula cha kupunguza mwili ninachokijua kinachoondoa inchi sita kwa muda huo. Akafungua simu akanionyesha mazungumzo yake na wakala wa hospitali moja ya India, ambaye alikuwa amemuuliza kilo na urefu tu, naye akajibu kilo 84 na mita 1.60, na ujumbe uliofuata ulikuwa bei, tarehe ya kuondoka na picha za hoteli. Hapakuwa na swali jingine. Hawakumuuliza anaumwa nini, anameza dawa gani, wala kama anatarajia kupata mtoto. Mimi huuliza zaidi ya hayo kabla ya kutia zipu.

Mwenzake ndiye aliyelipuka kwanza. "Wewe ukafanyiwe operesheni kwa unene gani? Mimi je, nikazikwe?" Kweli alikuwa mnene kuliko rafiki yake kwa mbali, na alilisema kwa kicheko, lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba mtu wa kawaida kama yule akirudi amekonda ghafla watu watasema yao, na kwamba mama yake hataweza kupita Kinondoni bila kuulizwa mwanao anaumwa nini. Mimi nami niliongeza yangu. Nilimwambia kwamba kitambaa kikishakatwa hakirudi, kwa hiyo satini yake nitaikata inchi 38 na kuacha akiba ya kutosha ndani ya mshono, na tumbo lake alifikirie kwa utaratibu huo huo. Akanijibu, "Mwalimu, tumbo haliachiwi akiba." Tulicheka wote isipokuwa mtu mmoja.

Huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa mtaani kwetu, aliyekuwa ameketi akisubiri dera lake lipunguzwe mikono. Alikaa kimya muda wote. Rafiki alipotoka kwenda kununua maji ya kunywa, yule mama akasogea kwenye benchi na kuuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa, "Mwanangu, sukari yako huwa ngapi asubuhi kabla hujala?"

Nilitarajia binti aseme hajui, maana wengi hawajui. Alinyamaza, akaangalia mlangoni, kisha akajibu: "Tisa, mama. Wakati mwingine kumi." Alikuwa anatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka miwili. Baba yake alikatwa mguu kwa ajili ya sukari na akafa mwaka uliofuata. Ndani ya kamati nzima hapakuwa na aliyejua. Nilipomuuliza kwa nini basi alikuwa anazungumza habari ya satini na inchi 32, alijibu jambo ambalo ndilo limenifanya niandike barua ndefu hivi: "Nikisema nguo, watanicheka wiki moja. Nikisema sukari, watanihurumia mpaka nife, na mama wa mchumba wangu atauliza kama nitazaa."

Yule mama muuguzi hakumhurumia. Alimwambia asimlipe wakala hata senti moja kabla hajaonana na daktari wake wa kliniki ya sukari, amweleze wazi anachokitaka, na aulize kama tatizo lake ni la upasuaji, la puto la kuwekwa tumboni, la dawa au la chakula. Rafiki akarudi na chupa za maji, na mazungumzo yakahamia kwenye vilemba.

Wahariri mtaona kwamba kwa swali lenu yule binti ni mtu wa kiasi tu. Kipimo cha BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita, kinampa kama 32.8. Kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 na kufuatwa kwa miaka mingi, asingekubaliwa, kwa kuwa walihitajika wenye 40 na kuendelea, au 35 ikiwa wana ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu na shirikisho lao la kimataifa waliushusha: wenye 35 na zaidi wanapendekezewa hata bila ugonjwa, na wenye 30 hadi 34.9 wafikiriwe wakiwa na kisukari cha aina ya pili au maradhi mengine ya jamii hiyo, au wakiwa wamejaribu njia nyingine bila mafanikio ya kudumu. Kwa watu wa asili ya Asia kiwango kilishushwa zaidi, kwa sababu wao hupata kisukari wakiwa bado wanaonekana wembamba. Futikamba yangu nayo ina neno lake hapa: Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno cha mwanamke kinachozidi sentimita 88, kama inchi 35, kuwa dalili ya hatari kubwa, kwa kuwa mafuta yaliyo ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua insulini zaidi ya yale ya nyonga. Rafiki yake, yule mnene aliyetucheka, huenda alikuwa na sukari nzuri kuliko wote mle ndani. Sikumpima, wala si kazi yangu.

Nilitafuta kusoma zaidi, tabia ya ualimu haiishi. Katika utafiti mmoja wa Cleveland, Marekani, uliochapishwa matokeo yake ya miaka mitano mwaka 2017, wagonjwa 150 wa kisukari wenye BMI kati ya 27 na 43 waligawanywa: wengine wakapewa dawa peke yake, wengine dawa pamoja na upasuaji. Walioifikia sukari nzuri iliyokusudiwa walikuwa asilimia 5 kwa dawa tu, asilimia 23 kwa upasuaji wa mrija, na asilimia 29 kwa ule wa kuchepusha. Waliokuwa wameishi na kisukari kwa chini ya miaka 8 walifanikiwa zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa, ila msomaji aitazame na upande wa nyuma: hata kwa waliopasuliwa, zaidi ya theluthi mbili hawakufika pale palipokusudiwa.

Puto ambalo kwa miaka michache sasa linawekwa katika hospitali ya Mloganzila halihitaji kisu. Huingizwa kwa mdomo, hujazwa maji ya chumvi, kwa kawaida hukaa kama miezi sita kisha hutolewa, na tatizo lake kubwa ni kile kinachotokea baada ya kutolewa. Sindano za semaglutidi, dawa ya kupunguza uzito, nazo zilipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika jaribio la mwaka 2021, na walioziacha walirudisha sehemu kubwa. Kwa hiyo hakuna njia iliyo ya muda mfupi, na anayetaka mwili wa sendofu moja ni heri anipe mimi satini niipanue.

Yule binti aliivaa sare yake kwa inchi 38 na alipendeza. Upasuaji alifanyiwa baadaye sana, wa kuchepusha, nje ya nchi lakini kwa barua ya daktari wake wa hapa, na gharama ilitoka kwenye kiwanja chake cha Chanika. Sasa kiuno chake ni inchi 33. Daktari amemsimamishia metformini. Nywele zilimdondoka kwa miezi kadhaa kisha zikaota tena, chuma chake kilishuka, na akinywa soda moyo humwenda mbio na jasho humtoka. Ameambiwa asubiri angalau mwaka mmoja na nusu kabla ya kushika mimba, na mchumba yupo, anasubiri. Maneno ya mtaani yalikuja kama rafiki yake alivyotabiri. Mama yake huyajibu kwa ukali ambao sikuujua kuwa anao.

Nimeanza na hapana, na ninaposoma nilichoandika naona kwamba yule mteja wangu ningemwambia ndiyo. Basi niseme hivi. Mwenye BMI ya 30 na kitu, kisukari ambacho hakijakaa miaka mingi, na dawa zisizomtosha ingawa anazimeza, ana haki ya kuufikiria upasuaji bila kuonewa haya, hata kama majirani wanamwona wa kawaida. Asiye na sukari, presha wala kukoroma kunakomkata pumzi usiku, ambaye anachotaka ni mshono ubane, jibu langu la kwanza kwake linabaki, ijapokuwa silishiki kwa nguvu ile niliyoanza nayo, kwa sababu sijui anaficha nini nyuma ya huo mshono. Anayepanga kuzaa mwaka huu asubiri. Na yeyote aliye tayari kulipa amuulize kwanza wakala ni daktari yupi, hapa hapa Dar es Salaam, atakayempima chuma na B12 katika mwaka wa tatu baada ya upasuaji. Akitajiwa namba ya WhatsApp ya ng'ambo, fedha zibaki benki na kiwanja kibaki Chanika.