Kabla hujaweka SSD, uliza kilichomo kwenye diski ya zamani

Vijana wawili wanajifunza kazi kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na swali lao la kwanza lilikuwa moja: SSD, ile diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, inafungwaje? Kufunga ni skrubu chache na dakika kumi. Mkono ukizoea, hata hizo dakika kumi haziishi. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kwa sababu ugumu wa kazi hii uko kwingine, na mimi niliujua kwa mali ya mtu.

Mwalimu mmoja wa Makorora aliniletea laptopu yake miaka yangu ya mwanzo. "Fundi, ni nzito. Naiwasha, nateleka chai, nakunywa, narudi bado inazunguka tu." Ndani mlikuwa na hadidiski ya GB 500. Sikuipima. Nikaunganisha SSD mpya pembeni, nikaanza kunakili diski nzima, nikaenda kula. Niliporudi kazi haijafika hata nusu, na diski inagonga: tak, tak, tak. Haikusomeka tena. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama yake, na hakuwa nazo pengine popote. Nilimrudishia mashine inayowaka upesi sana, akaitazama, akaifunika bila kusema neno.

Kosa langu lilianzia kwenye lile neno "nzito". Hadidiski ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachotembea juu yake kutafuta data. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kila faili dogo linapoitwa, kichwa kinasogea, kisha kinasubiri sahani ifike. Windows ikiwaka inaita maelfu ya mafaili madogo, ndiyo maana mtu anateleka chai. Huo ni uzito wa maumbile, na SSD inauondoa kwa kuwa haina kinachozunguka. Lakini upo uzito mwingine, wa ugonjwa: sehemu ya sahani imeharibika, diski inarudia kuisoma mara kumi, mara mia, ndipo ipate au ikose. Mteja anaeleza yote mawili kwa maneno yaleyale. Ukiianzishia diski mgonjwa safari ya kusomwa yote kwa pigo moja, waweza kuwa wewe ndiye unayeimaliza.

Kwa hiyo pima kwanza. CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, ni ya bure na inatosha. Tazama mistari mitatu: 05, sehemu zilizokwisha kuhamishwa, C5, zinazosubiri kuamuliwa, na C6, zilizoshindikana kusomeka. Takwimu za mwisho wa mstari kwa kawaida huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, basi ukiona 10 ujue ni 16. C5 ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, acha mpango wa kunakili diski nzima. Toa kwanza vile ambavyo mwenyewe amekwambia ni vya thamani, folda moja moja. Kisha, kama bado unataka yote, tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye Linux: inachukua sehemu zilizo salama kwanza, inaruka mbovu, halafu inazirudia mwishoni, na inaandika ilipofikia ili ukikatizwa uendelee. Diski ikigonga, izime palepale. Mwambie mwenyewe ukweli kwamba hiyo sasa ni kazi ya wenye vifaa vya kufungulia diski mahali pasipo vumbi, na usiiwashe tena "kujaribu kidogo".

Kumuuliza mteja nako kuna namna yake. Ukisema, "Kuna kitu cha muhimu?" atakujibu hamna. Muulize picha za harusi anaweka wapi, matokeo ya wanafunzi wapi, hesabu za duka ziko kwenye programu gani. Mama mmoja aliapa hana kitu, nilipomwuliza kuhusu mahesabu ya kikoba akashika kichwa. Uliza pia, na hakikisha kwa macho yako mashine ikiwa bado inawaka, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Ikiwa imefungwa, pata ufunguo wa kurejesha, ule wa tarakimu 48, kabla hujagusa skrubu yoyote.

Wakati wa kunakili, bandika karatasi juu ya kila diski: INATOKA, INAINGIA. Kwenye kioo usitazame ukubwa pekee, soma namba ya utambulisho ya diski yenyewe. Ukizigeuza, utamwaga utupu juu ya miaka ya mtu, na programu haitakulaumu. Umeme wetu mnaujua, basi fanyia kazi hii kwenye laptopu yenye betri hai, si kwenye kompyuta ya mezani isiyo na akiba.

Kuhusu kununua nitakuwa mfupi. Laptopu za zamani huchukua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, aina ya muunganisho wa diski, unene milimita 7. Pale palipokuwa na diski ya milimita 9.5, weka fremu ya kujazia isicheze. Ikiwa mashine ni ya SATA ya pili, itaishia karibu MB 280 kwa sekunde hata ukiweka SSD ya bei kubwa. Msimtoe mteja fedha bure, kwani nafuu anayoisikia inatoka kwenye kuondoka kwa kile kichwa kinachotembea, na hiyo ataipata na SSD ya kawaida. Laptopu mpya zina tundu la M.2, na hapo wengi hukosea, kwa kuwa M.2 ni umbo tu. Moja inaweza kuwa SATA na nyingine NVMe, muunganisho mwingine ulio wa kasi zaidi, zinafanana machoni, na mikato ya pini si ushahidi kamili. Soma kitabu cha laptopu. Na SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ipime kwa H2testw au f3, programu za kupima ukubwa wa kweli, kabla haijaingia kwenye mashine ya mtu. Zipo zinazojitangaza kubwa, zikijaa zinaandika juu ya vilivyomo.

Kwenye kufungua, toa chaji, chomoa waya wa betri, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache, gusa chuma. Chora umbo la kava kwenye karatasi na uweke kila skrubu mahali pake, maana zinatofautiana urefu. Hapa kwetu kuna jambo la ziada: laptopu zinazokaa karibu na bahari, za Raskazone hasa, huja na skrubu zenye kutu. Bisibisi iliyochakaa itakula kichwa cha skrubu na utabaki unatoboa. Nunua bisibisi nzuri, ni akiba yako.

Baada ya kazi, usiifute diski ya zamani, hata mteja akikuruhusu. SSD ina ubaya wake: ikifa mara nyingi haigongi wala haionyi, na ulichokifuta humo ni vigumu mno kukirudisha, kwa sababu mfumo huiambia isafishe nafasi hiyo. Hivyo diski ya zamani ikiwa nzima, itie kwenye kava la USB iwe nakala ya pili. Ikiwa mgonjwa, iandike jina na tarehe, itie kwenye bahasha na umkabidhi mwenyewe mkononi.

Yule mwalimu bado huniletea wateja, na sijawahi kumwuliza kwa nini. Siku hizi kabla mtu hajalipa namkalisha mbele ya mashine, afungue kwa mkono wake picha mbili tatu na faili moja la kazi, mimi nikiwa nimesimama pembeni.