Gharama zilizokuwa zinakula faida ya mchele wangu

Nauza mchele wa Kyela kwenye soko la mtandaoni nikiwa hapa Mbeya, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza oda zilimiminika, simu haikutulia, nikaamini biashara imeshika. Siku nilipokwenda kufunga mzigo mpya ndipo nilipoona hela niliyonayo hainunui hata nusu ya mzigo wa mwanzo. Mtaji ulikuwa umeyeyuka mikononi mwangu.

Usiku ule nilichukua daftari, nikaandika kila shilingi iliyotoka kwa oda moja ya kilo 5. Wauzaji wengi tunalalamikia kamisheni ya soko kwa sababu tunaiona ikikatwa. Kwangu kamisheni ilikuwa ndogo. Kifurushi kile nililipia 5,000 kwenye basi, na bodaboda ya kunifikisha stendi 2,000. Mteja nilimtoza 3,000 tu, kwa kuwa ndivyo wenzangu walivyoandika kwenye matangazo yao. Hiyo 4,000 iliyobaki niliilipa mimi, na faida ya kilo 5 haifiki hapo.

Sasa natuma Jumanne na Ijumaa tu. Oda zote za Dar zinaingia kwenye kiroba kimoja cha kilo 50, kila mfuko ukiwa na jina na namba ya simu, na kiroba kizima nalipia 10,000. Mdogo wangu anakipokea kule, wateja wanachukua kwake au wanalipia boda wenyewe. Niliogopa watanikimbia. Waliokimbia ni wachache, maana siku za kutuma nimeziandika wazi kwenye tangazo, na mteja akishajua siku anatulia. Ila nakusihi, anayekupokelea mzigo mlipe. Ukimtumikisha ndugu bure, mwezi wa pili atachoka na mizigo italala stendi.

Gharama nyingine iliyoniuma ni mizigo kurudishwa. Mteja alipika wali ukawa bokoboko, akadai nimemuuzia mchele mbovu. Haukuwa mbovu, ulikuwa mpya. Mchele mpya hautaki maji mengi, na mimi sikumwambia. Nikarudisha hela, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa yangu. Siku hizi naandika kama ni mpya au wa msimu uliopita, na maji yake. Kama umechanganya wa Kyela na wa Mbarali, andika pia. Mpishi mzoefu atajua kwa harufu tu, na hatarudi tena.

Kununua nako nimebadilika. Wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, nanunua mpunga badala ya mchele, nakoboa kadiri oda zinavyokuja. Mpunga ukikaushwa vizuri unakaa muda mrefu kuliko mchele, wadudu hawauharibu haraka, na pumba nawauzia majirani wanaofuga nguruwe. Lakini usifunge hela yote kwenye mpunga. Bakiza ya nauli na ya vifungashio, la sivyo utauza kwa hasara ili tu upate hela ya kusafirishia oda.

Kwenye simu, makato ya kutoa yanakwenda kwa viwango, kwa hiyo kutoa elfu kumi kumi kila siku kunagharimu zaidi kuliko kutoa mara moja kwa wiki. Matangazo ya kulipia nimeacha kwa sasa. Picha ya wali uliopikwa nyumbani kwangu imeniletea wateja wengi zaidi.

Jirani yangu anayeuza parachichi za Rungwe alijaribu kufuata siku zangu mbili, akapoteza karibu kreti nzima. Tunda lililoanza kulainika halisubiri Ijumaa. Yeye sasa anachuma baada ya kupata oda, na kwa mzigo kama wake naona hapo ndipo pa kuanzia.