Folda ya seva haifunguki baada ya umeme kukatika: anza chini, usiguse smb.conf

Ndugu, kwa jinsi ulivyoeleza, seva yenu ya Linux yenye Samba (programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua folda za seva hiyo) ilizimika umeme ulipokatika usiku, na tangu asubuhi mna malalamiko matatu: seva haionekani kwenye dirisha la mtandao la Windows, kompyuta mpya ya Windows 11 inakataliwa kabisa, na mhasibu anaingia vizuri lakini hawezi kuhifadhi kazi yake. Umekwisha kuifuta Samba na kuisakinisha upya, wala hakuna kilichobadilika. Mimi hutunza seva za ofisi ndogo hapa Lubumbashi, ambako umeme huondoka na kurudi bila taarifa, na nionavyo unatafuta hitilafu moja mahali penye tatu zisizohusiana.

La kwanza ndilo jepesi. Seva kutoonekana kwenye dirisha hilo si dalili ya ubovu. Orodha ya zamani ilitegemea SMB1 (toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo kompyuta hutumia kushirikiana faili), ambayo Microsoft iliacha kuisakinisha kwa kawaida kuanzia Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, mwaka uleule ambao kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia udhaifu wa SMB1 hiyo. Samba nayo iliizima katika toleo la 4.11, mwaka 2019. Siku hizi Windows hutafutana kwa njia nyingine, ambayo seva ya Linux haiijibu mpaka iwekewe programu ndogo iitwayo wsdd. Mtu akikushauri uirudishe SMB1 ili tu ikoni ionekane, mkatalie kwa heshima. Andika anwani yenyewe, kwa mfano \\192.168.1.10\hesabu; ikifunguka, lalamiko hilo limekwisha.

Isipofunguka, soma namba ya kosa. 0x80070035 maana yake Windows haikuifikia seva, kwa hiyo nenosiri na ruhusa bado hazijaingia katika hesabu. Kwenye seva andika ip a uone kama anwani ni ileile ya jana, kwa sababu umeme ukirudi ruta na seva huwaka pamoja, na seva iliyoachiwa DHCP (utaratibu wa ruta kugawa anwani yenyewe) inaweza kupewa anwani nyingine. Kisha kwenye Windows, ndani ya PowerShell, andika Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445. Mlango wa 445 ukiwa umefungwa ilhali seva inajibu ping (jaribio la kuona kama ipo mtandaoni), ama huduma ya smbd, yaani Samba yenyewe, haijawaka, ama faiawoli inauziba.

Sasa kompyuta mpya. Ninahisi kwamba folda yenu inaruhusu wageni, yaani smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, ina mstari wa map to guest = Bad User, na kwamba kwa miaka yote kompyuta za zamani zimekuwa zikiingia bila kujitambulisha pasipo mtu yeyote kujua. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka 2024, Windows za Pro, Enterprise na Education zinadai kila mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi, na mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia sahihi. Toleo la Pro, ambalo zamani lilimvumilia, sasa linamkataa kwa ujumbe kwamba sera za usalama za shirika lako zinazuia wageni wasiotambulishwa. Samba haina kosa hapo, na ndiyo maana kuisakinisha upya hakukusaidia. Wengi hulegeza ulinzi wa Windows ili mambo yaende, mimi siafiki. Mfungulie kila mfanyakazi akaunti yake kwenye seva, umsajili kwa smbpasswd -a, na uhakikishe kwa pdbedit -L kwamba jina limeingia, kwa kuwa Samba ina hifadhi yake ya manenosiri, tofauti na ya Linux. Kabla ya kujaribu tena kwenye Windows, andika net use * /delete, la sivyo utakutana na kosa 1219, kwa sababu Windows haikubali majina mawili ya mtumiaji mmoja kwa seva moja kwa wakati mmoja.

Katika usajili huo kuna mtego unaotuhusu sana sisi wa huku. Niliitwa na ofisi moja ya mawakala wa forodha wanaoshughulikia malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako hakuna kompyuta iliyokubaliwa na seva ingawa nenosiri lilikuwa limebandikwa ukutani. Fundi aliyenitangulia alikuwa amesakinisha seva kwa mpangilio wa herufi wa Kiingereza, QWERTY, wakati kibodi iliyokuwa mezani ni ya Kifaransa, AZERTY. Kwa kuwa smbpasswd haionyeshi unachoandika, aliyedhani ameandika amani alikuwa amesajili q;qni. Kibaya zaidi, jaribio la kuingia kwa amri ya smbclient palepale kwenye seva lilikuwa likifaulu, maana kibodi ileile ilikuwa ikikosea vilevile. Kwa hiyo andika nenosiri kwanza kwenye mstari wa amri mahali unapoliona, usibonyeze kitufe cha kuingiza, ulifute, ndipo usajili.

Shida ya mhasibu ndiyo inayonitia wasiwasi, maana hapo data inaweza kupotea. Mtu anayeona faili zake lakini hawezi kuziandika, siku moja baada ya umeme kukatika ghafla, mara nyingi hana tatizo la ruhusa. Andika findmnt -T ikifuatiwa na njia ya folda hiyo, uangalie safu ya mwisho. Ukiona ro badala ya rw, Linux imeifunga diski isiandikwe: ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iliyowekewa errors=remount-ro hufanya hivyo ikigundua kosa, na diski za nje za NTFS (mfumo wa faili wa Windows) nazo zinaweza kufungwa hivyo zisipozimwa kwa utaratibu. Hapo chmod 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote, ni kazi bure. Nakili kwanza faili zote kwenye diski nyingine, kisha uiondoe diski kwenye mfumo kwa umount na kuikagua kwa fsck ikiwa ni ext4. Ya NTFS ipeleke kwenye Windows uikague kwa chkdsk /f. Ukikuta folda iko tupu, usiogope mapema: huenda diski haikupachikwa kabisa, na unachokiona ni folda tupu iliyo kwenye diski ya mfumo. Mwambie mhasibu asihifadhi kitu humo, kwa sababu diski ikirudi faili hizo mpya zitafichika chini yake.

Ikiwa findmnt inaonyesha rw, basi ndipo uandike namei -l na njia nzima ya folda, uone ni hatua ipi inayomzuia. Samba na Linux lazima zikubaliane zote mbili. Write list (orodha ya wanaoruhusiwa kuandika) ndani ya smb.conf haimpi mtu kile ambacho mfumo wa faili umemnyima.

Tuwekee hapa matokeo ya findmnt na testparm -s (huonyesha mipangilio ya Samba), pamoja na namba kamili ya kosa kwenye ile kompyuta mpya. Hadi hapo, tafadhali usiisakinishe Samba tena.