Maswali ya Wasomaji: Taa za gari hufifia kila besi inapopiga

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Noah ambayo nimeifunga sabufa na amplifaya ya wati 600. Tangu siku hiyo, nikiendesha usiku, taa za mbele hufifia kila besi inapopiga. Fundi amenishauri ninunue kapasita ya faradi 1. Je, itaondoa tatizo, na inafungwaje kwa usalama? Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, azima multimita, yaani kifaa cha kupimia volti. Kapasita haizalishi umeme. Huhifadhi akiba ndogo na kuitoa haraka sabufa inapodai umeme mwingi kwa ghafla. Udogo wa akiba hiyo unahesabika: kapasita ya faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 hutoa jouli 26, ambazo amplifaya inayokula wati 600 huzimaliza kwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Baada ya hapo mzigo wote huirudia altaneta, yaani mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, na kapasita yenyewe hudai kujazwa upya.

Washa injini, fungulia muziki kwa sauti uliyoizoea, kisha pima volti kwenye betri. Zikishuka chini ya 12.6 na kubaki huko wimbo mzima, altaneta imezidiwa, na kapasita haitakusaidia. Zikibaki karibu na 14, hamishia kipimo kati ya ncha hasi ya betri na chuma kitupu cha bodi. Hapo multimita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Amplifaya na taa zote hurudisha umeme kupitia bodi, kwa hiyo ule waya mfupi unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye bodi ukilegea au ukishika kutu, vyote huumia pamoja. Ukinzani wa omu 0.02 tu, ukipitiwa na ampea 50, hupoteza volti 1 nzima. Nimewahi kufungua boneti ya gari ambalo mwenyewe alikwishanunua kapasita mbili, nikakuta bolti ya waya huo imekazwa juu ya rangi. Tuliisugua sehemu ile kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukaikaza upya, na taa zikatulia kabla hatujagusa kitu kingine. Nasikitika kila nikikumbuka fedha alizopoteza.

Ikiwa waya ni mzima na volti za betri huyumba kwa kitambo kifupi tu kila besi inapopiga, hapo kapasita ina kazi, ingawa itapunguza tatizo zaidi kuliko kuliondoa kabisa. Ifunge karibu na amplifaya, isizidi nusu mita, na waya wake wa hasi uufunge kwenye chuma kilichosuguliwa, kamwe si kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Hakikisha pia kuna fyuzi karibu na betri kwenye waya mkuu, maana waya huo ukichunika bila fyuzi unaweza kuunguza gari.

Hatari kubwa iko kwenye kuijaza mara ya kwanza. Kapasita tupu ikiunganishwa moja kwa moja hufyonza umeme kwa kishindo, cheche huruka na fyuzi hukatika. Vua pete na saa, toa fyuzi, kisha unganisha hasi ya kapasita. Usikosee chanya na hasi, kwani kapasita iliyogeuzwa inaweza kupasuka. Kati ya waya mkuu na ncha chanya weka balbu ya volti 12, kama ile ya taa ya breki, ndipo urudishe fyuzi. Balbu itawaka kwa nguvu, itafifia taratibu, kisha itazima. Ikizima, kapasita imejaa, na sasa unaweza kuitoa balbu na kuunganisha waya moja kwa moja.

Siku ukitaka kuiondoa, kumbuka kwamba hubaki na chaji hata betri ikiwa imefunguliwa. Usiiguse kwa spana. Itenganishe na waya mkuu, kisha unganisha balbu ileile kati ya ncha zake mbili na usubiri hadi izime.